Kitendawili Kikisha Teguliwa

Jioni umeme ukikatika katika mtaa wa Umoja, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, watoto hutoka vyumbani wakaketi kwenye ngazi za majumba, na mara mmoja wao huita, "Kitendawili!" Wenziwe huitikia, "Tega!" Naye hutega, "Nyumba yangu haina mlango." Huwa kimya. Mmoja hutaja pango, mwingine kaburi, mwingine chungu, na wote hukosa. Basi mtegaji hudai mji. Hupewa Kisumu, akaukataa. Hupewa Mombasa, akaupokea, akajigamba kwa muda, kisha akatoa jawabu: yai. Hapo kelele huzuka. Kila mtoto husema kwamba jawabu hilo alikuwa nalo, na kwamba kitendawili chenyewe ni chepesi mno.

Watoto hao hawasemi uongo, wala hawasemi kweli. Kitendawili kikisha teguliwa, akili hailioni tena giza iliyokuwa ndani yake dakika moja kabla. Wazee wetu waliujua udhaifu huu wa bin-adamu, wakatuonya: usione vyaelea, vimeundwa. Atazamaye jahazi baharini huona jambo jepesi, mbao na tanga na upepo. Jasho la aliyeliunda halionekani.

Nia ya insha hii ni kueleza jinsi udhaifu huo ulivyoingia katika mahakama za dunia, na jinsi mahakimu walivyojaribu kuupima. Ziko kesi nyingi za namna hii, lakini iliyo kubwa kuliko nyingi ilisikilizwa katika mji wa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1912. Ilihusu jambo lililo karibu nasi kuliko tunavyodhani, maana matunda yake yamo katika sahani ya ugali inayoliwa Umoja usiku wa leo.

Kwanza yafaa tujue hataza ni nini. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi, kwamba kwa muda fulani mtu mwingine asitengeneze wala asiuze kitu alichokivumbua bila ya ruhusa yake. Katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, muda huo ni miaka 20. Lakini haki hiyo haitolewi bure. Mvumbuzi hana budi kuandika siri yake waziwazi ili watu wote waisome, na muda ukiisha iwe mali ya kila mtu. Ni mapatano yale yale ya mchezo wa watoto: mtegaji hupewa mji, naye hutoa jawabu.

Hata hivyo, sheria haimpi mji kila mwenye kuita. Huuliza maswali matatu. La kwanza, je, jambo hili ni jipya? La pili, je, laweza kutumika katika kazi? La tatu, ambalo ni gumu kuliko yote mawili, je, fundi mjuzi wa kazi hiyo, mwenye maarifa yote yaliyokuwa yamekwisha julikana siku ile, angalilifikia bila ya kuvumbua lolote? Kama angalilifikia, jambo hilo huitwa dhahiri, na lililo dhahiri halipewi hataza. Kama asingalilifikia, husemwa kwamba pana hatua ya uvumbuzi. Angalia sana maneno haya, siku ile. Hakimu hatakiwi kuuliza kama jambo ni dhahiri leo, maana leo jawabu limekwisha tolewa.

Sasa na tutazame kitendawili chenyewe. Mkulima wa Trans Nzoia au Uasin Gishu apandapo mahindi hutia mbolea ya kupandia, na mahindi yakiinuka hutia mbolea ya kukuzia. Kilichomo ndani ya mbolea hizo, pamoja na vingine, ni naitrojeni, ambayo mmea hauwezi kukua bila yake. Ajabu ni kwamba hewa tunayoivuta, karibu sehemu 78 katika kila 100, ni naitrojeni tupu. Mmea umezungukwa na chakula chake, nao hauwezi kukila, kama mtu mwenye kiu aliye katikati ya bahari ya chumvi. Sababu yake ni kuwa chembe za naitrojeni ya hewa zimeshikana mbili mbili kwa kifungo kigumu mno, na hazikubali kuachana ili ziungane na kitu kingine.

Mwaka 1898 mwanasayansi Mwingereza, William Crookes, alionya kwamba mataifa yalao ngano yatapungukiwa na chakula, kwa sababu naitrojeni ya mashamba ilitegemea chumvi iliyochimbwa katika jangwa la Chile, na chumvi hiyo ingekwisha. Aliwaita wataalamu wa kemia waitoe naitrojeni hewani. Hicho ndicho kilichokuwa kitendawili, na kilitegwa mbele ya dunia nzima.

Njia moja ilikuwa kuiunganisha naitrojeni na haidrojeni ili ipatikane amonia, ambayo hutengenezewa mbolea. Lakini palikuwa na mtego. Ukizichanganya gesi hizo mbili katika baridi, hazifanyi lolote. Ukizitia moto mkali, huanza kuungana, lakini moto huo huo huivunja amonia mara ipatikanapo. Walitakiwa watu wapate kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha muungano wa vitu vingine, na chenyewe kisitumike katika muungano huo. Mwenye kutaka mfano na amfikirie mshenga. Mshenga huenda kwa wazazi wa huku na wa huko, akalainisha maneno, ndoa ikafungwa. Kisha yeye hurudi kwake, tayari kwa posa nyingine. Bila ya mshenga huenda nyumba mbili zikakaa jirani miaka mingi zisioane.

Wengi walijaribu. Mwaka 1900 Wilhelm Ostwald, bingwa mkubwa wa elimu ya vichocheo, aliitangazia kampuni ya BASF kwamba amepata amonia kwa kupitisha gesi hizo juu ya chuma cha moto. BASF ilimpa kijana mmoja, Carl Bosch, kazi ya kuhakikisha habari hiyo. Bosch akaona kuwa amonia ile haikutoka katika gesi, bali ilitoka katika naitrojeni iliyokuwa imekwisha ingia ndani ya chuma chenyewe. Ostwald akaliondoa ombi lake la hataza. Mwaka uliofuata, 1901, Mfaransa Henry Le Chatelier, aliyekuwa ameeleza kanuni kwamba mgandamizo ukizidi amonia nayo itazidi, alijaribu kwa vitendo. Chombo chake kikapasuka, naye akaiacha kazi hiyo.

Tangu mwaka 1904 Fritz Haber, mwalimu wa chuo cha Karlsruhe, alikuwa akipima amonia ipatikanayo katika moto wa kiasi cha digrii 1,000. Alipata kidogo mno, akaona haifai kwa biashara. Mwaka 1907, mbele ya mkutano wa wataalamu, Walther Nernst alimkosoa, akasema hesabu za Haber si sahihi, na kwamba amonia ya kweli ni ndogo hata kuliko alivyosema. Haber aliumia moyoni. Lakini badala ya kununa, alirudi kwenye kazi yake, akishirikiana na Robert Le Rossignol, kijana wa kisiwa cha Jersey aliyekuwa hodari wa kutengeneza vali na vyombo vidogo. Wawili hao walipandisha mgandamizo hata ukafika kiasi cha mara 200 ya ule wa hewa tuliyomo, wakapunguza moto, wakajaribu madini moja baada ya jingine, mpaka Machi 1909 walipofika kwenye osmiamu, madini adimu sana. Amonia ikaanza kutiririka.

Yasimuliwa kwamba wakuu wa BASF walipoambiwa habari za mgandamizo wa mara 100 na zaidi, mmoja wao alishtuka, kwani siku chache tu kabla ya hapo chombo chao cha mgandamizo wa mara 7 kilikuwa kimepasuka. Hata hivyo, tarehe 2 Julai 1909 kampuni ilimpeleka Bosch na mwenzake Alwin Mittasch wakaone. Siku ile chombo kiliharibika kwanza, Bosch akaondoka. Mittasch alibaki, akayaona matone ya amonia kwa macho yake, akaamini.

Ndipo kazi nyingine ilipoanza. Osmiamu iliyokuwamo duniani isingalitosha kiwanda hata kimoja kikubwa. Mittasch na watu wake wakatafuta mshenga wa bei nafuu. Hata mwanzo wa mwaka 1912 walikuwa wamejaribu mchanganyiko kiasi cha 2,500 katika majaribio kiasi cha 6,500. Katika kutafuta huko walikuta kwamba jiwe moja la chuma kutoka Sweden lilifanya kazi vizuri kuliko chuma safi. Uchafu uliokuwa ndani yake ndio uliokuwa na baraka. Walipotia alumina na potasi katika chuma kwa makusudi, wakapata kichocheo ambacho hata leo, kwa asili yake, viwanda vya mbolea hukitumia. Kiwanda cha kwanza kilianza kazi Oppau mwezi wa Septemba 1913.

Lakini kabla ya kiwanda hicho kuanza, kampuni nyingine ya Ujerumani, Hoechst, iliishtaki hataza ya Haber ya mwaka 1909 iliyohusu mgandamizo mkubwa, ikataka ibatilishwe. Shauri lilifika katika Mahakama Kuu ya Leipzig tarehe 4 Machi 1912. Madai ya Hoechst yalikuwa na nguvu, na yatupasa kuyasikiliza kwa haki. Walisema hivi: kwamba mgandamizo huongeza amonia ni kanuni iliyojulikana, kwamba vichocheo huharakisha muungano ni jambo lililojulikana, na kwamba Nernst mwenyewe alikwisha fanya majaribio ya amonia katika mgandamizo kabla ya Haber. Basi Haber amevumbua nini? Amechukua vitu vitatu vilivyokuwa sokoni akavitia katika kapu moja. Fundi yeyote mwenye akili angalifanya hivyo. Hata Ostwald alikuwa upande wa wapinzani wa hataza hiyo.

Upande wa BASF ulijibu kwamba kanuni ni kitu kimoja na kitu kilichotengenezwa ni kitu kingine. Kama jambo lilikuwa dhahiri, kwa nini Le Chatelier aliliacha? Kwa nini Ostwald alikosea? Nernst naye aliyekuwa na hesabu mkononi, mbona hakuendelea mbele? Ndipo lilipotokea jambo lililowashangaza wengi. Nernst, yule yule aliyemwaibisha Haber mwaka 1907, alifika mahakamani kumtetea. Alieleza kuwa majaribio yake yalikuwa ya kupima kanuni tu, na kwamba aliyetoka pale akafika kwenye njia ya kufaa viwanda ni Haber. Mahakama ililikataa shauri la Hoechst, hataza ikathibitishwa.

Hapa sharti niseme jambo ambalo mwanafunzi wa historia asilisahau. Kabla ya siku hiyo Nernst alikuwa amefanya mapatano na BASF ya kulipwa marki 10,000 kila mwaka kwa muda wa miaka mitano. Je, ushahidi wake ulinunuliwa? Yawezekana fedha zilimlainisha ulimi. Lakini shahidi aliyelipwa aweza pia kusema kweli, na msomaji mwenye busara hupima ushahidi kwa mambo mengine yasiyolipwa. Jambo kama hilo lilitokea Marekani. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia serikali ya Marekani ilitaka sana amonia yake yenyewe. Hataza za Wajerumani zilikuwa zimechapishwa, na wataalamu wa Marekani walizisoma. Kiwanda cha serikali kikajengwa Sheffield katika jimbo la Alabama, na mwaka 1918 kikajaribiwa. Kilishindwa. Mwaka 1919 serikali hiyo ilifungua maabara maalumu, na moja katika kazi zake ilikuwa kutafuta kichocheo kinachofaa. Fedha zilikuwapo, akili zilikuwapo, na karatasi zilikuwapo mezani. Jambo lililosemwa Leipzig kuwa dhahiri likawashinda. Kwa upande mwingine, habari hii yatufunza pia kwamba hataza zile hazikueleza yote. Mtegaji alikuwa ameuchukua mji, lakini jawabu alilitoa nusu.

Wala tusimfanye Haber kuwa malaika. Amonia ile ile iliyolisha mashamba ilitengenezewa baruti za Ujerumani, na mwaka 1915 yeye mwenyewe aliongoza matumizi ya gesi ya sumu vitani. Wataalamu hukadiria kwamba karibu nusu ya watu wa dunia ya leo hula chakula kilichokuzwa kwa naitrojeni itokayo katika kazi yake. Hesabu ya uhai na hesabu ya mauti zimeandikwa katika daftari moja.

Mpaka hapa huenda msomaji akafikiri kwamba sheria husimama siku zote upande wa mwenye hataza. Sivyo. Kutoka Umoja si mwendo mrefu kufika Eastleigh, ambako Wahabeshi wengi wanakaa, na mikahawa yao huuza injera, mkate mwembamba wa unga wa tefu. Watu wa Ethiopia wamelima tefu kwa maelfu ya miaka. Hata hivyo, mwaka 2007 kampuni moja ya Uholanzi ilipewa hataza ya Ulaya juu ya unga wa tefu na matumizi yake. Madai yake yalitegemea kipimo kinachojulikana na wasaga nafaka, kinachoonyesha jinsi vimeng'enya vya nafaka vinavyovunja wanga. Vimeng'enya ni vichocheo vya viumbe hai, washenga wadogo wa Mungu. Nafaka ikikaa ghalani muda baada ya kuvunwa, kazi ya vimeng'enya hivyo hupungua, na unga huwa mzuri zaidi. Kwa ajili ya hayo kampuni ilipewa mji, na Waethiopia wakaona mlango wa kuuza unga wao katika nchi kadha za Ulaya umefungwa.

Hataza hiyo baadaye ikaingia mikononi mwa kampuni nyingine, na kampuni ya kutengeneza vyakula vya waokaji ikaipinga.  Tarehe 21 Novemba 2018 mahakama ya mji wa Hague ilitoa hukumu ya tefu. Iliona kwamba hapana hatua ya uvumbuzi, na kwa nchi ya Uholanzi hataza ikabatilishwa. Mtegaji alikuwa amedai mji kwa kitendawili ambacho jawabu lake lilikuwa tayari midomoni mwa watu.

Tuziweke kesi hizi mbili katika mizani. Kule Leipzig watu walisema, "Hili ni dhahiri," na kumbe lilikuwa gumu. Katika mji wa Hague mtu alisema, "Hili ni uvumbuzi wangu," na kumbe lilikuwa jepesi. Swali la hatua ya uvumbuzi ni upanga wenye makali kuwili: humlinda aliyetoka jasho asidharauliwe na waliokuja nyuma, na huwalinda watu wote wasinyang'anywe urithi wao na mwenye kalamu nyepesi.

Swali hili limekuja Kenya kwa kuchelewa. Tangu siku za ukoloni, na hata miaka mingi baada ya uhuru wa mwaka 1963, Mkenya hakuweza kuomba hataza Nairobi moja kwa moja. Ilimpasa kwanza apewe hataza ya Uingereza, kisha aje kuiandikisha huku. Hukumu ya lipi ni dhahiri na lipi si dhahiri ilikatwa London. Mambo yalibadilika kwa sheria ya mwaka 1989, na ofisi ikafunguliwa nchini mwaka 1990. Baadaye ikafuata Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, iliyounda Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya. Sheria hiyo yauliza maswali yale yale matatu.

Sheria hiyo ina jambo jingine la kuwafaa mafundi wetu. Ukitoka Umoja kuelekea Kariobangi utasikia nyundo za jua kali tangu asubuhi. Fundi mmoja hubadili mdomo wa jiko, mwingine huongeza mkono katika toroli, mwingine hugeuza bawaba ya mlango. Si mabadiliko makubwa, na pengine fundi mwenziwe angaliyafikia. Kwa kazi za namna hii sheria hutoa cheti cha hadhi ndogo kuliko hataza, kinachodumu miaka 10. Mwombaji hulazimika kuonyesha kwamba kitu ni kipya na chafaa kazini, lakini haulizwi habari ya hatua ya uvumbuzi. Ni mji mdogo kwa kitendawili kidogo. Fundi asiyejua kwamba mji huo upo hataudai, na kesho atauona muundo wake ukining'inia kwenye duka la jirani.

Kwa hiyo, mwanafunzi, usomapo habari za uvumbuzi wowote, iwe sindano au dawa, usifanye haraka kusema kwamba wewe nawe ungalijua. Rudi nyuma kwa mawazo mpaka siku ile ambayo jawabu halijatolewa. Uliza ni nani walijaribu wakashindwa, na walishindwa kwa nini. Na kama mtu akija kudai mji kwa jambo ambalo bibi yako alilifanya jikoni kila siku, usimpe kwa sababu tu amelivika maneno magumu. Mwulize ameongeza nini.

Huko ngazini Umoja, umeme ukirudi, watoto hutawanyika. Yule aliyetegewa yai akashindwa, kesho atakwenda kuwategea wengine kitendawili hicho hicho, akishangaa jinsi wasivyokijua.